Mgomba Uliolala Kaburini

"Persis, wacha hizo picha urudi nyumbani. Kaburi ya Nyabuto imeota."

Persis aliiondoa simu sikioni akaitazama, kisha akairudisha. Alikuwa amesimama ukingoni mwa Ziwa Simbi, maji ya kijani mbele yake, heroe wakitembea polepole kando ya matope. Haron, mchumba wake, alikuwa amepiga goti na kamera akimwashiria asogee kushoto. Harusi yao ilikuwa Jumapili iliyofuata.

"Imeota nini, Mama?"

"Mgomba. Imefika hapa kwa kiuno yangu." Sauti ya mama mkwe wake Jacinta ilikuwa ya chini, ya mtu anayeongea kanisani. "Nimerudi tu kutoka Nyamira sahi, baada ya mwezi mzima. Nimeweka mzigo chini, nikaangalia, nikaona jani. Kuja, mwanangu."

Simu ikakatika. Persis akabaki akitazama maji, na kwa mara ya kwanza tangu Haron amfundishe upya kutazama ziwa, akayapa mgongo.

Mambo yalikuwa hivi. Nyabuto alikuwa mume wake, kiongozi wa kwaya ya Waadventista, mwanamume ambaye akipanda mimbarani hata watoto walinyamaza. Miaka miwili nyuma kwaya ilifanya matembezi kwenye ziwa kubwa, ufuo mmoja mbele ya Mbita, na aliyewapeleka alikuwa Haron, kijana wa Suneka anayetembeza wageni kwenye maziwa. Wakati wa kurudi, Nyabuto, ambaye hakujua kuogelea, hakuonekana. Viatu vyake vilikuwa mchangani, soksi zimekunjwa ndani, shati la kwaya juu ya jiwe. Mdogo wake Joash aliapa kwamba alimwona akizama kwa macho yake mawili. Kwa kiapo hicho cheti cha kifo kikatoka.

Mwili haukupatikana. Basi nyumbani wakafanya kama wanavyofanya wazee maji yakimnyima mtu wao kaburi: wakakata shina la mgomba, wakalivika shuka, wakaliombea na kulizika. Persis alilililia shina lile hadi akazimia. Watu hawacheki jambo kama hilo. Ukishalilia mgomba, mgomba ni mtu.

Na Haron? Haron alizunguka ziwa lile na wavuvi hadi wao wenyewe wakachoka. Wageni wakamkimbia. Akaja kwa Persis kuomba msamaha, akarudi tena kuomba, na katika kuomba huko mapenzi yakapenya. Penzi ni kikohozi, haliwezi kufichika. Mama Jacinta ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwambia mkaza mwanawe, "Olewa. Bado wewe ni msichana."

Sasa yeye huyo ndiye amepiga simu.

*

Walipofika, ukungu ulikuwa umeshuka juu ya majani chai, na nyumba zilionekana nusunusu. Mama Jacinta alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya kaburi. Kikombe cha maziwa kilikuwa chini, karibu na mgomba. Alikuwa akiongea.

"Nyabuto, amefika. Bibi yako amefika."

Persis alisimama. Hakukuwa na upepo, majani chai hayakutikisika, lakini jani moja la mgomba ule, lile changa lililokuwa halijakunjuka vizuri, lilikuwa linasogea. Linakwenda, linarudi.

"Mama, umempatia maziwa?"

"Alipenda maziwa."

Mzee Mokua, ndugu wa marehemu baba mkwe, akatokea upande wa zizi na fimbo yake. Hakumtazama Persis. Alimtazama Haron, aliyekuwa bado langoni.

"Kijana, simama hapo hapo. Usiingie."

"Sawa, Mzee."

"Mimi nimezeeka nikiona migomba. Shina ikikatwa ikafukiwa, inaoza. Hii imekataa kuoza. Unajua kwa nini?"

"Sijui, Mzee."

"Wewe ndiye ulipeleka mtoto wetu kwa maji. Leo wewe ndiye unachukua bibi yake. Hii mgomba ni damu. Inasema jina ya mtu."

"Mzee, mimi sikumgusa Nyabuto."

"Basi ingia umwambie yeye."

Persis alijua kwamba hapo alitakiwa kwenda asimame kando ya Haron. Badala yake alitazama lile jani likisogea, na neno likamtoka kabla hajalipima.

"Haron, siku ile, wewe ndiye ulikuwa naye mwisho?"

Uso wa Haron ukawa wa mtu aliyepigwa na mtoto wake mwenyewe.

"Nilihesabu watu mara mbili, Persis. Hadi leo nikipeleka wageni nahesabu mara mbili, na kila mara naona kama mmoja amepungua. Nilikuambia hii kitu nikilia."

"Nauliza tu."

"Unauliza tu." Akafunga kamera kwenye mfuko wake. "Uliza ule mgomba basi. Mimi nimeenda."

Akageuka, ukungu ukammeza kabla hajafika barabarani. Baada ya muda simu ya Persis ikalia mlio wa ujumbe.

*"Nimeongea na pastor. Harusi isimame hadi moyo wako ujue. Siwezi kulala na mtu anayeniogopa."*

Aliusoma pale pale kando ya kaburi. Alimpenda Haron. Hilo alilijua. Lililomtesa ni kwamba alimwogopa pia.

*

Joash hakutoka nje hata mara moja. Alikuwa kwenye nyumba yake ndogo nyuma ya jiko, mguu umefungwa plasta kutoka paja hadi kisigino. Alianguka na pikipiki mvua zilipoanza, na tangu hapo alikuwa mtu wa kitandani. Persis alimpelekea chai.

"Shemeji, buya?" akamsalimu.

"Buya." Hakukipokea kikombe. "Umefika wapi?"

"Nini?"

"Mgomba. Umefika wapi?"

"Mama anasema kiunoni."

Joash akafumba macho. "Niletee panga. Nitatambaa niukate."

"Utatambaa na huo mguu?"

"Ni mimi hutunza hiyo kaburi, si unajua?"

Kweli, alijua. Kijiji kizima kilijua. Joash na panga lake kaburini kila wiki, akifyeka, akisafisha. Wanawake wa kanisa walimtolea mfano waume zao: oneni mtu anavyompenda ndugu yake.

Persis akaketi kwenye ukingo wa kitanda. Ni binti wa mkulima wa ndizi, na sasa anauza ndizi katika soko la Daraja Mbili. Hofu ilipompungua kidogo, akili yake ilirudi shambani. Mzee Mokua alisema kweli: shina lililokatwa huoza. Kinachoota ni mgomba uliong'olewa na mizizi na macho yake. Kwa mazishi hakuna anayechimba, watu hukata kwa pigo moja. Akaikumbuka asubuhi ile. Joash aliyejitolea kuuleta mgomba peke yake, akaja nao umeshafungwa shuka hadi chini, mikono yake ina udongo hadi viwiko. Kaburi lililochimbwa kina cha goti tu, na Joash akiwanyamazisha waliouliza: mgomba hauhitaji kina.

"Joash," akasema polepole, "ulizika mgomba na mizizi."

Joash akageukia ukuta. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.

"Umekuwa ukiukata kila wiki ili tusione. Kwa nini hukuung'oa?"

"Kuukata naweza. Kuung'oa siwezi."

"Kwa nini?"

"Shemeji, niache. Tafadhali."

Simu yake, iliyokuwa juu ya mto, ikaanza kutetemeka. Jina kwenye kioo lilikuwa *Fundi wa Mabati*. Joash alirusha mkono, lakini mtu wa plasta hashindani na mtu wa miguu miwili. Persis akaipokea, akaiweka sauti ya nje.

"Joash," sauti ikasema. "Mbona umepotea hivi? Sikiza. Huu mwezi sijaumwa hata siku moja. Ile homa imeniacha, kifua imefunguka, nakula kama ng'ombe. Nimekaa nikashangaa. Umewacha kuukata?"

Persis aliijua sauti ile kabla neno la pili halijaisha. Ilikuwa sauti iliyomwimbia kwenye harusi yake ya kwanza. Kikombe kikaanguka, chai ikamwagika kwenye miguu yake naye hakuisikia.

"Joash? Uko?"

"Haujakatwa," Persis akasema. "Umefika kiunoni."

Upande wa pili, kwa mbali, yakasikika maji. Mawimbi yakipiga na kurudi.

"Persis," sauti ikasema.

"Uko wapi?"

"Pwani. Shimoni huku. Napeleka wageni baharini, waone matumbawe na pomboo."

Kati ya yote aliyoweza kuuliza, Persis alijikuta akiuliza hili.

"Ulijifunza kuogelea?"

"Nilijifunza."

Mlango ulikuwa umefunguliwa. Mama Jacinta alikuwa amesimama hapo, kikombe cha maziwa mkononi, Mzee Mokua nyuma yake. Alimpita Persis akainamia ile simu kama mtu anayetazama ndani ya kisima.

"Nyabuto."

"Mama."

"Ee Nyasae, Mungu wangu." Akashika ukuta. "Mtoto wangu, sasa nani amelala hapo nje?"

Nyabuto akaanza kulia. Maneno yakamtoka vipandevipande. Kulikuwa na mwanamke wa pwani aliyekutana naye kwenye mkutano wa kwaya, akapata mimba. Yeye ni mzee wa kanisa, kiongozi wa kwaya. Aanzie wapi kusema? Siku ile Joash alimngoja nyuma ya miamba na nguo nyingine na pikipiki.

"Persis, nilikufikiria wewe," akasema. "Ningekuacha, wangekucheka sokoni. Ukiwa mjane, wanakuheshimu."

Persis alisikia hasira ikimpanda, safi kabisa, na uoga ukatoka kumpisha.

"Kwa hivyo ulikufa kwa ajili yangu," akasema. "Asante. Na Haron je? Miaka miwili anahesabu watu mara mbili. Leo nimemuuliza kama ni yeye alikuua. Hiyo pia ulinifikiria?"

Nyabuto akazidi kulia.

"Na wewe Joash?" Mzee Mokua akauliza kutoka mlangoni. Sauti yake ilikuwa imezeeka ghafla. "Ulimwapia mtu aliye hai?"

Joash alikuwa amejifunika uso. "Niliogopa, Tata. Mtu akiwa hai, ukimzikia shina iliyokufa, si utamuua kweli? Nikachimba na mizizi, angalau kitu kikae hai huko chini. Halafu kikaanza kuota. Nikakata, akanipigia simu, ati ameamka na homa. Nikakata tena, tena homa. Ningeung'oa aje?"

Nje, kupitia dirisha, lile jani lilikuwa linakwenda na kurudi.

*

Haron alipokea simu baada ya kuita mara nyingi.

"Nimesema nimeenda, Persis."

"Yuko hai."

"Nani?"

"Nyabuto. Nimeongea naye sasa hivi, Mama shahidi. Haron, hukupoteza mtu. Hesabu yako ilikuwa sawa."

Alimsikia akivuta pumzi, halafu akalia kilio cha mwanamume ambaye hajali nani yuko kando ya barabara.

"Nisamehe," akamwambia. "Nilikuogopa kwa sababu ya jani."

"Hata mimi liliniogopesha," Haron akasema, pua imeziba. "Wacha nirudi."

Lakini mke wa mtu ni mke wa mtu, na pastor alikataa katakata hadi mahakama ya Kisii iivunje ile ndoa. Nyabuto hakuja, alituma wakili. Kesi ilijikokota, mvua zikaja zikaenda, mwisho ndoa ikavunjwa. Joash alikiri uongo wake polisi, akakiri tena mbele ya kanisa. Na mgomba? Watu walimshauri Mama Jacinta auchome. Mzee Mokua mwenyewe alileta jembe.

"Wacha ikae," mama akasema. "Mgomba haushindwi na mkunguwe. Na mimi sijashindwa na mtoto yangu."

Alikaa nao, akaupalilia. Ukatoa mkungu mkubwa ambao hakuna jirani aliyeomba hata ndizi moja.

Jumapili ya harusi Mama Jacinta aliamka na panga. Akaukata mkungu, na shina lake pia. Akaupeleka kanisani amejitwika, akauweka juu ya meza ya chakula katikati ya sufuria za pilau. Wageni wakausogelea wakarudi nyuma. Walijua ulikotoka. Basi Persis, na gauni lake jeupe, akachuma ndizi moja, akaimenya, akala nusu. Nusu akampa Haron.

"Ikoje?" Mama Jacinta akauliza.

"Tamu, Mama."

Ndipo watu wakala.

Baadaye, wakipanda gari kwenda Simbi kumalizia zile picha, simu ya Persis ikalia. Ujumbe ulitoka Shimoni.

*"Nimeamka sijiwezi. Siwezi hata kusimama. Persis, niambie ukweli, nani ameukata?"*

Alitazama nyuma. Mama Jacinta alikuwa ameketi dirishani, mikono juu ya mapaja, udongo bado kwenye kucha zake. Persis akamwonyesha. Mama akausoma taratibu, midomo ikitembea, akamrudishia simu na maneno machache ya kuandika. Persis akayaandika kama yalivyo.

*"Ni mimi mama yako. Umezaa, na mgomba ikizaa inakatwa. Nimekuachia chipukizi moja. Ukitaka iishi, kuja uipalilie mwenyewe."*

Akazima simu. Mbele, Haron alikuwa amesimama mlangoni mwa gari na suti yake, akihesabu watu kwa kidole. Alihesabu mara moja tu, akafunga mlango.