Kifua Kilichotobolewa

Mwanaheri alitoboa mwenyewe matundu ya kadi ya mashine yake, kwa msumari na nyundo ndogo, na kila tundu alilijua. Kwa hiyo jani la chai lilipotoka kwenye sweta likiwa na mstari uliopinda ubavuni, alijua mstari ule hakuuweka yeye.

Akajilaumu hata hivyo. Fundi gani hakosei? Akafumua, akanywa chai iliyokwisha poa, akaanza upya.

Mashine ile ya kufuma aliachiwa na marehemu mumewe, Ahmadi. Ilifuata kadi: penye tundu, sindano ilichukua uzi wa kijani, pasipo na tundu, mweupe. Kadi za dukani zilikuwa zimeadimika kama sabuni mwaka ule wa watu kuhamishiwa vijijini, na hapo Makandana hakuna aliyejua kuzitengeneza. Elina, jirani yake aliyewahi kufagia hospitali moja ya mbali, ndiye aliyempa picha ya eksirei iliyotupwa. Ilikuwa ngumu na haichaniki. Mbavu za mtu zilionekana juu yake, na Mwanaheri, kwa shida aliyokuwa nayo, akaziona ni mistari mizuri ya kupimia, akaifanya picha ile kadi yake.

Shida yenyewe ililetwa na Ndugu Meshaki, mwenyekiti wa kamati ya kijiji. "Mashine ya mtu mmoja ni ubinafsi, dada," alimwambia. "Shule inataka masweta yenye nembo ya jani la chai. Tukija Ijumaa ukatuonesha, utabaki nayo. Ukishindwa, inakwenda kiwanda cha kijiji."

Basi akatoboa, akafuma, akafumua. Akinyoosha mstari huu, unapinda ule. Akiziba tundu kwa nta, yanafunguka mengine ambayo nyundo yake haijayagusa. Alitukana, akalia, akaitukana mashine tena. Hakuwa na wa kumuuliza, na hilo lilimuuma kuliko kosa lenyewe.

Mchana mmoja ukungu ulishuka mpaka ukaingia ndani. Chumba kikanuka dawa ya hospitali na udongo mbichi. Mwanaheri akaacha kuvuta kishikio cha mashine, na kishikio, ambacho hakuna mkono uliokigusa, kikaenda kushoto polepole, kikarudi kulia, kikaenda tena, na kila kilipokwenda akasikia pumzi ikivutwa kwa taabu, na kila kiliporudi akaisikia ikitoka, mpaka kwenye kitambaa kilichokuwa kikishuka magotini pake, mahali pa jani la chai, zikaanza kujitokeza mbavu za kijani, moja chini ya nyingine, zikipanda na kushuka.

Akatoka mbio bila kanga ya kichwani.

Maalim Amri alikuja na ubani wake. Alisoma, akauliza, akainamia mashine akisikiliza muda mrefu, jasho likimtoka pamoja na baridi yote ile.

"Mwanangu," alinong'ona, "mwenye picha hii alikufa kwa ugonjwa wa kifua, na jini alikuwa akikaa humo. Sasa picha hii ndiyo nyumba yake. Wewe umeitoboa."

"Sikujua, maalim."

"Najua hukujua. Anataka nyumba yake, nzima. Kaizike, isipungue hata kidogo."

Mwanaheri akatazama kadi. Kazi yake yote ilikuwa pale. Kisha akakumbuka vile vipande vidogo vilivyodondoka kila alipotoboa juu ya mashine, vikaingia katikati ya sindano. Kuvitoa kulitaka mashine ifunguliwe yote, na kesho yake ilikuwa Ijumaa. Hakumwambia maalim. Akaizika kadi nyuma ya migomba.

Kamati ilipofika, mashine ilifuma kitambaa cheupe kisicho na ua.

"Nipeni siku mbili niifungue," alisema.

"Umekwisha pewa siku nyingi, dada."

Hapo hasira ikampanda. Alijua kilichomo ndani, alijua anapaswa kusema, lakini akakumbuka siku zote zile alizohangaika peke yake. "Chukueni," akasema. "Mkaitoboe wenyewe."

Haikupita muda, Elina akaja na habari. Kiwandani kijijini mashine inafuma jani la chai safi kabisa, tena bila kadi. Mwenyekiti anamsifu binti anayeitumia, Sekela, kwamba ana kipaji.

Mwanaheri alitembea kwenye matope mpaka kiwandani, na njia nzima alikuwa na hasira kuliko hofu. Jani lake. Alilokesha nalo yeye. Akakuta rundo la masweta, kila mshono ulivyotakiwa kuwa. Sekela alikuwa amesimama kwenye mashine, amekonda, midomo imemkauka, akipumua kwa kufuata kishikio kilivyokwenda na kurudi.

"Pumzika kidogo, mwanangu," Mwanaheri alisema, na sauti yake mwenyewe ikamtisha. "Toa mkono."

Binti hakugeuka. Mkono wake ulikwenda kushoto, ukarudi.

"Hautoki, mama," akanong'ona. "Tangu juzi hautoki."