Kizimba cha Korti ya Kale

Rafiki yangu Ledama alitoka Kitengela kwenda Kajiado akiwa amefura kwa hasira. Korti ya zamani, ambamo wakoloni walimhukumu babu yake kwa kukataa kuhama malisho yake, ilikuwa ibomolewe yajengwe maduka.

“Hawa watu hawana haya!” alifoka, akaingia ang'oe angalau ubao mmoja wa kizimba akauweke nyumbani. Ilikuwa saa sita mchana, lakini madirisha yalipigiliwa mabati na ndani mlikuwa na giza totoro.

Ubao ulipoanza kulia, sauti mlangoni ikaita jina la babu mara tatu, kama karani wa korti. Jina hilo, kwa desturi ya Wamaasai, halijatamkwa kwao tangu afe.

Kizimbani, karibu kabisa na mkono wa Ledama, mtu akajibu kwa ukali: “Sihami!”