Kikopo Kimoja kwa Matuta Yote

Bustani yetu iko bondeni Jangwani. Tunalima mchicha. Asubuhi, jua likiwa bado halijakaza, tunang'oa, tunaosha mizizi kwa maji ya kisima, tunafunga mafungu na kuyapeleka sokoni Kariakoo. Jioni tunamwagilia. Tumeishi hivyo tangu baba akiwa hai.

Baba alitugawia matuta sisi wanawe watatu. Mimi, Sitara, nilipata ya chini, upande wa mto. Kaka Twaha alipata ya katikati. Kaka Shomari, mkubwa wetu, alipata ya juu, kando ya barabara. Baba hakutaka mtoto aseme kaonewa. Samadi ya kuku ilipimwa kwa ndoo ile ile. Yurea, mbolea ya dukani, ilipimwa kwa kikopo kimoja cha nyanya. Kila tuta lilipata sawa na jirani yake.

Baba alipofariki, mama yetu, Bi Badria, alikishika kikopo kile kama amana. Alipima mwenyewe. Hakuongeza, hakupunguza.

Mchicha wangu ulistawi. Watu walisema nina mkono wa baraka. Mchicha wa Twaha ulikuwa mzuri miaka ya nyuma, lakini baadaye ukaanza kukauka kingo za majani. Yeye akasema ni jua. Wa Shomari ulikuwa mfupi na wa manjano, na ulitoa maua kabla ya kukua. Baba, enzi za uhai wake, alimwita mvivu mbele ya watu. Shomari aliendelea na jembe lake. Alizidi kuamka mapema, na mchicha ulizidi kuwa vile vile.

Mwaka jana Shomari aliugua kifua akafariki. Alimwacha mkewe Sophia, mtu wa Newala, na binti yao mdogo, Fatuma. Sophia akarithi jembe, matuta, na lile jina la uvivu.

Siku moja nilikwenda naye sokoni. Mama mmoja mwenye genge la mboga aliinua fungu lake, akaligeuza.

"Dada, mchicha gani huu una mvi?"

Wenzake walicheka. Sophia naye alicheka kidogo, kisha akarudisha fungu kwenye tenga. Tulirudi na tenga likiwa karibu limejaa.

Nyumbani, Twaha alikuwa anakunywa chai. Alimuuliza shemeji yake kama anamwagilia au anautemea mate. Kisha akamwambia mama kwamba matuta ya juu yanapotea bure, na kwamba yeye angeyaweza.

Mama alimgeukia Sophia. Alipozungumza, hakupandisha sauti.

"Sophia, mwanangu, tuvumilie mavuno haya. Yakiwa hivi tena, matuta atayachukua Twaha. Wewe urudi kwenu Newala ukapumzike. Fatuma anasoma, atabaki hapa kwangu."

Sophia alikuwa anamsuka Fatuma. Vidole vilisimama katikati ya msuko. Halafu vikaendelea.

Kesho yake mchana nilimkuta bustanini peke yake. Alikuwa amenunua yurea yake na kuirusha juu ya majani kwa viganja, udongo ukiwa mkavu, jua likiwa utosini. Baada ya siku chache majani yaliungua kama yaliyopitiwa na moto. Sophia alikaa chini kati ya matuta, mikono juu ya magoti. Nilikwenda ofisi ya kata kumuulizia afisa ugani.

Afisa ugani wetu anaitwa Paskalina. Watu wanamwita bibi shamba. Alikuja na chepe. Alimsalimia mama kwa shikamoo, mama akaitika marahaba, na kumwambia kwamba huko juu udongo hauna tatizo.

Twaha akadakia, "Bibi shamba, mgonjwa hapo ni mkono."

Paskalina alishika chepe. Alichimba chini, akachimba katikati, akachimba juu. Madonge matatu akayaweka pamoja kwenye gunia. La chini lilikuwa jeusi, linanata. La katikati lilikuwa la kahawia, na juu yake lina ukoko mweupe. La juu lilikuwa la kijivu, limejaa mchanga na vipande vya saruji.

"Mama, hii ni bustani moja?" aliuliza.

"Ni moja," mama alisema. "Aliifyeka marehemu kwa mkono wake."

"Bustani moja, lakini udongo ni wa aina tatu. Hebu nieleze. Wajukuu wakiugua, mmoja ana malaria, mwingine hana damu, wa tatu kavimbiwa. Utawapa dawa ile ile ili wasioneane wivu?"

Mama alikitazama kikopo mkononi mwake.

Paskalina aliuliza kila sehemu ilikuwa na nini zamani. Hapo nilisema niliyoyaona. Mafuriko huja kila masika, na maji yakiondoka huacha tope jeusi kwenye matuta yangu. Katikati ndipo baba alipokuwa akirundika samadi ya kuku, miaka yote, kabla ya kuigawa. Juu, baada ya mafuriko makubwa, lori lilimwaga kifusi ili maji yasile barabara. Baba akatandaza mchanga juu yake, akakata matuta.

"Basi tuichore," Paskalina alisema.

Alichukua jivu, akachora bustani chini. Akaweka mto, kisima, barabara na kila tuta. Kisha akatugawia kazi. Tuweke kokoto palipostawi, na jani la manjano palipodumaa. Tukaweka. Hata mimi nilishtuka. Majani ya manjano yote yalijikusanya upande mmoja, na kokoto upande mwingine. Mpaka ulifuata udongo. Tukaihamishia ramani ile kwenye ubavu wa boksi, tukaandika: Chini, Katikati, Juu.

Baada ya hapo tulichukua udongo wa kupima. Kila sehemu ilipata ndoo yake safi, si ndoo iliyobeba mbolea. Tulifagia takataka za juu, tukachimba kina cha shibiri moja. Tulichimba sehemu nyingi kwa kupinda kama nyoka, tukikwepa kingo na mahali palipomwagwa mbolea karibuni. Udongo wa sehemu moja tulichanganya pamoja, tukaanika kivulini, tukatia mfukoni na kuandika jina la sehemu.

Twaha alitaka tuchanganye udongo wa sehemu zote tatu, tulipie kipimo kimoja.

"Ukichanganya wote," Paskalina alisema, "utapata majibu ya bustani ambayo haipo."

Mifuko mitatu ikaenda maabara ya udongo. Mama alisema atasubiri. Majibu yakionyesha udongo ni mzima, neno lake liko pale pale. Wiki zile Sophia alipungua mwili. Alikuwa anakunja nguo za Fatuma, anazikunjua, anazikunja tena.

Majibu yalipofika, Paskalina alikuja akakaa nasi mkekani, boksi la ramani katikati yetu. Alieleza polepole, akigusa sehemu moja moja.

Chini kuna chakula cha mmea cha kutosha. Tope la mto limekileta. Msimu huu pasiwekwe samadi, na yurea iwe nusu kikopo, mchicha ukianza kupauka tu. Mkono wangu wa baraka ukaishia hapo.

Katikati chakula kimezidi. Samadi ya miaka mingi imeacha chumvi, na chumvi ndiyo inayochoma kingo za majani. Pasiwekwe samadi wala yurea. Pafunguliwe mifereji, pamwagiliwe maji mengi yaisukume chumvi chini.

Twaha alikuna kidevu.

Juu kuna njaa. Naitrojeni ni kidogo sana, na saruji ya kifusi imeujaza udongo chokaa. Vipande vya kifusi viokotwe. Samadi kuukuu iliyooza kwenye rundo la katikati, ambayo chumvi yake mvua imeshaiosha, ihamishiwe huko, ichanganywe na mboji. Yurea ni kikopo kimoja, lakini kigawanywe mara mbili. Iwekwe jioni, udongo ukiwa na unyevu, isiguse majani, na maji yafuate papo hapo.

"Na msisahau," aliongeza, "kipimo hiki ni cha chakula cha mmea. Sumu ya maji taka yanayoingia mtoni ina kipimo chake kingine. Mwagilieni maji ya kisima kilichopimwa."

Mama alikuwa anatazama sehemu ya juu kwenye ramani. Aliigusa kwa kidole.

"Kifusi hiki kilimwagwa Shomari akiwa hajaoa," alisema. "Kwa hiyo hata yeye..."

Paskalina aliinamisha kichwa. Sophia alinyanyuka akaenda uani, na tulisikia maji ya ndoo yakimwagika, kama mtu ananawa uso kwa muda mrefu.

Kazi ilianza. Tuliokota kifusi mpaka kucha zikauma. Sokoni tuliomba majani ya kabichi na maganda ya ndizi, tukayaozesha shimoni kuwa mboji. Twaha mwenyewe alibeba samadi kuukuu kutoka kwake kwenda juu. Siku ya kwanza aliibeba kama mtu aliyeadhibiwa. Baadaye alimwambia Sophia, bila kumtazama, kwamba ndoo ni nzito, amwachie yeye.

Mama alipima yurea. Alipofika kwenye matuta ya Twaha alisimama na kikopo kitupu, akapita bila kuweka kitu.

Mchicha wa juu haukustawi kwa siku moja. Mwanzo ulikuja mwembamba. Baadaye ukashika rangi, majani yakapanuka. Haukuufikia wa chini, lakini ulikuwa wa kijani mpaka kingo. Yule mama wa genge aligeuza fungu la Sophia, akatafuta mvi, akakosa. Alichukua tenga zima. Habari ya Newala haikutajwa tena.

Mama hakumwomba Sophia radhi. Siku ile ya mavuno alijichagulia fungu moja la matuta ya juu, akalipika kwa nazi, akaandaa na ugali. Tulikula. Fatuma alisema mchicha ni mtamu, akauliza ni wa nani.

"Wa baba yako," mama alisema. Akaweka tonge chini. "Fatuma, nisikilize. Baba yako hakuwa mvivu. Ukikua, watu wakikuambia hivyo, waambie bibi yako amekataa."

Mtoto akaitikia, akaendelea kula. Mama hakuligusa tena tonge lake.