Iko Muntu, Anakuya

Ilianza na kitambaa. Kitambaa cha jasho tu, cheupe chenye mistari ya buluu, ambacho Elisée alikitandika juu ya kiti cha kuume kwake siku ya kwanza ya festivali ya filamu. Filamu ilipokwisha akakichukua akitie mfukoni, akakuta kimelowa. Si maji. Kilikuwa kizito, cha uvuguvugu, kinavutika kama bamia. Akakinusa. Nani alimtuma anuse? Kilinuka mdomo wa mgonjwa ambaye hajaupiga mswaki mwezi mzima.

Ngoja nieleze, maana ninyi wasikilizaji wangu mnapenda kukimbilia mwisho. Elisée alikuwa fundi wa mota za umeme kule Kampemba, na kwa mambo ya filamu hakuna wa kumshinda Lubumbashi nzima, ukiniondoa mimi. Alikumbuka rangi ya kila farasi na idadi ya meno yaliyong'olewa katika kila pigano. Festivali ilipokuja, siku saba, saa tisa alasiri, katika ukumbi wa zamani wa wafanyakazi wa reli wenye mapazia meusi madirishani, alifunga karakana yake akaenda kama mtu anayekwenda kuoa.

Ila alikuwa na tabia moja. Hakupenda kiwiko cha mtu karibu na chake. Kwa hiyo alitandika kitambaa kwenye kiti cha jirani, na mtu akiuliza, jibu lilikuwa lile lile.

"Hapa iko muntu?"

"Iko muntu. Anakuya."

Hakuna aliyekuja. Mkewe Angélique hakupenda filamu, na rafiki wa kumgawia karanga Elisée hakuwa naye.

Siku ya kwanza watu walijaa hadi ukutani. Bénie, msichana wa chuo aliyepanga watu, akamjia na beji yake kifuani.

"Papa, pole. Bantu banasimama. Ule muntu wako anakuya saa ngapi?"

"Anakuya, mwana. Anatembea polepole. Ni munene, na iko na maguu mubaya."

Safu nzima ikacheka. Elisée akanogewa. Siku ya pili Bénie akarudi: "Papa, jana hakukuya?"

"Alichelewa ku meza. Ule muntu anakulaka! Anaweza kula sufuria na kifuniko."

Wakacheka tena. Alimjenga yule mtu kipande kwa kipande, leo tumbo, kesho miguu, kama fundi anayezungusha waya kwenye mota.

Siku ya tatu akaja.

Taa zilikuwa zimezimwa, na kwenye kitambaa cha sinema mchungaji mmoja alikuwa anatafuta ngamia wake. Elisée akasikia mguu unaburutwa kwenye njia ya katikati, shuu, ukapumzika, shuu. Kiti cha kuume kikalia kama kitanda cha hospitali. Harufu ikaja nyuma yake, ya samaki ndakala waliosahauliwa ndani ya mfuko uliolowa mvua. Hakugeuka. Alijiambia ni mtu aliyekosa adabu, filamu ikiisha atamwonyesha. Akatia mkono katika mfuko wa vinkubala, wale viwavi wa kukaanga ambao bila wao hawezi kutazama kitu, na ndani ya mfuko akakuta mkono mwingine. Ulikuwa na vidole vinene, vyenye maji, visivyo na kucha. Kilichomchafua zaidi ni kwamba mdomoni alikuwa tayari anatafuna, na alichokuwa anatafuna hakikuwa kiwavi. Akakitema kiganjani. Taa zilipowashwa akaziona kucha: tatu, za njano, nene kama maganda ya boga.

Kiti kilikuwa kitupu. Kimebonyea katikati, na ndani ya shimo lile kulikuwa na dimbwi dogo lenye nywele.

Kesho yake mchana alikaa mezani nyumbani, mbele ya bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo, Angélique kuume kwake kama kila siku, mtoto wao Séphora mbele yao. Angélique akaruka.

"Papa Séphora! Kikwembe yangu inalowa! Ni nini hii?" Akajishika kitenge nyuma, akatazama vidole vyake, akaanza kukokomoa bila kutoa kitu. "Na hii arufu? Pembeni yako iko nani?"

Na Elisée, kwa mazoea, kabla akili haijaufikia ulimi, akajibu:

"Iko muntu."

Neno likatoka. Kwenye bukari la katikati ya meza, ambalo hakuna aliyeligusa, pakatokea alama ya mdomo, meno machache yaliyopishana, na uzi wa mate ukabaki unaning'inia kutoka kwenye unga hadi ukingoni mwa meza. Séphora akalia.

Tangu saa ile kila mahali Elisée alipokaa, pembeni yake palikuwa pamekaliwa: kwenye benchi la karakana, kwenye kiti cha kanisa, ambapo mama mmoja wa kwaya alisimama misa nzima na leso puani. Angélique alijaribu kukaa kuume kwa mumewe mara nne. Mara ya nne aliinuka na malengelenge mapajani, yakapasuka, yakatoa maji ya rangi ya chai. Ijumaa akakunja nguo za mtoto, za safari ya Jumapili.

"Siku ya Mungu asubui niko naenda Mokambo kwa mama, na Séphora. Miaka kumi na moja nakaa pembeni yako, leo nafasi yangu unaipatia uchafu. Nikienda, sitarudia."

"Mama Séphora, mi sikumuita."

"Ulimuita! Bote balisikia. Balicheka!"

Lakini kabla ya kwenda alimshika mkono akampeleka kwa mzee Kangwa, mtu wa Sakania, mganga wa mizizi, ambaye ujana wake wote aliumaliza na tochi mkononi akionyesha watu viti katika jumba la sinema. Mzee akaziba pua, akacheka mpaka akakohoa.

"Basi weye njo ule wa 'iko muntu'?"

"Njo mi, tata."

"Mu salle yetu ya sinema tulikataza ile neno. Nyuma ya salle, ku ukuta, biko bantu banasimama. Balikufa mbele ya filme kuisha. Banangojea tu muntu abapatie kiti. Weye ulimupatia kiti, ukamupatia tumbo, ukamupatia maguu. Ukasaau kumupatia sabuni!"

"Tunafanya nini, tata?" Angélique aliuliza. Hakucheka.

Kangwa akaacha mzaha. "Kesho ni filme ya mwisho. Bwana yako atakaa ku kiti ya ule muntu. Yulu yake, ku mapaja yake. Akiulizwa, aseme hapa hapana muntu, ni mi tu. Asiangalie filme, afunge macho mpaka majina ya mwisho ipite. Na kisha hapo, filme imekwisha kwake. Asiangalie tena hata moja. Siku atakaa tena mbele ya filme, ule atajua nafasi iko wapi."

Filamu ya mwisho ilipigiwa picha kwenye stesheni ya Sakania, kati ya mabehewa ambayo baba yake Elisée aliyafungia breki miaka thelathini. Aliisubiri mwaka mzima. Akakubali.

"Na mi nitakaa ku kiti ya bwana yangu," Angélique akasema. "Pembeni."

Jumamosi saa tisa taa zilizimwa, shuu ikaja, kiti kikalia, na Elisée akainuka, akageuka, akafumba macho na kujishusha taratibu kama mtu anayeingia choo kilichojaa, akahisi mapaja mawili ya baridi yanapokea makalio yake na kupasuka kama embe bovu, maji yakapanda ndani ya suruali hadi kitovuni, tumbo lile alilolitumia kuchekesha watu likamkumbatia kutoka nyuma likiwa linachemka kwa vitu vidogo vinavyotembea, kidevu kikatua begani mwake na kumdondoshea sikioni ute uliotambaa mpaka pembe ya mdomo, na mbele yake treni ya Sakania ilikuwa inapiga honi, watu wanashangilia, pengine kivuli cha kazi ya baba yake kinapita palepale, asikione, huku mkono wa Angélique, mkavu, wenye harufu ya sabuni ya kufulia, ukimshika mkono wake wa kushoto bila kuuachia.

Bénie akapita. "Papa, hapa iko muntu?"

"Hapa..." Ute ukaingia mdomoni. Akaumeza, maana kutema kulitaka muda. "Hapa hapana muntu. Ni mi tu."

Muziki wa mwisho ukaisha. Mzee Kangwa, aliyekuwa amesimama nyuma ya ukumbi na tochi yake ya zamani, akamulika kiti. Kitu kikateleza chini ya Elisée, kizima, kwa sauti ya kinyesi cha ng'ombe kinapoanguka, shuu, shuu, hadi mlangoni, na upepo ukaingia ukumbini ukiwa safi. Angélique hakwenda Mokambo. Koti, suruali na kitambaa alivichoma mwenyewe nyuma ya nyumba, na moshi wake uliwafukuza mbwa wa mtaa mzima.

Elisée hakutazama tena filamu, hata televisheni ya kinyozi aliipa mgongo. Mwaka uliofuata festivali ilirudi, nami nikaenda, maana mimi siogopi kiti. Ukumbi ulijaa hadi ukutani. Kulibaki kiti kimoja, safu ya tatu, kikiwa na kitambaa juu yake, cheupe chenye mistari ya buluu, kama kile kilichochomwa. Nikainama nikitoe. Kilinata.

"Hapa iko muntu," ikasema sauti yenye maji, kutoka kiti cha pembeni, ambacho nilidhani ni kitupu. "Anakuya. Anatembea polepole. Iko na maguu mubaya."

Nikatoka kwenda kumweleza Elisée, nikicheka njia nzima hadi Kampemba, kwa sababu yeye alikuwa na miguu ya swala. Nikamkuta uani, mchana kweupe, amekaa kwenye stuli. Angélique alikuwa amepiga magoti mbele yake, anamkanda miguu ndani ya beseni. Ilikuwa imevimba kama magogo ya mgomba, kama ile aliyomjengea yule mtu kwa maneno, na vidoleni hakukuwa na kucha. Mama Séphora aliponyanyua kitambaa cha kumfutia, maji yakavutika.