Roadi au Haibridi: Baiskeli ya Dada Yangu

Pssssss...

Nilisikia kabla sijaona. Nikafungua mlango wa nyumba yetu, mtaani Mountain View, ndiyo kwanza kunapambazuka.

Kibe alikuwa amepiga magoti kando ya baiskeli yangu. Anatoa hewa kwenye tairi.

Kibe huyu huyu, rafiki yangu wa tangu shule.

"Buda, unafanya nini?"

Hakushtuka hata. "Napunguza tu. Barabara imelowa na umejaza tairi kama jiwe. Utateleza."

"Na mbona usiniambie?"

"Mwanzia, lini umewahi kuambiwa kitu ukasikia?"

Ndugu zangu, damu ilichemka. Nilimtungia palepale:

"Tairi yako ni pana, roho yako ni nyembamba,
mchana wanichekea, alfajiri wanichimba."

Akacheka. "Malenga, chukua pampu basi. Tutaonana Upper Hill."

Ngojeni niwaeleze kilichotufikisha hapo.

Dada yangu Mwongeli alikuwa amepata kazi ya mapokezi kwenye kliniki moja Upper Hill. Nauli hakuna, kwa hiyo alikuwa anatembea. Kila siku anafika amechelewa, na bosi alikuwa amemwonya mara ya mwisho.

Chama chetu cha mtaa, kile cha kuchanga kwa zamu, hakimpi mtu pesa mkononi. Kinamnunulia kitu. Zamu ya nyumba yetu ilipofika, wakakubali kununua baiskeli. Zamu nyingine ni mpaka mwakani, kwa hiyo hakuna kukosea.

Na desturi ni moja: mpokeaji haongei kuhusu kitu anachonunuliwa. Anakaa kimya, leso kichwani, mpaka akabidhiwe.

Mimi nikasema anunuliwe roadi kama yangu. Nyepesi, tairi nyembamba, usukani umepinda kama pembe za kondoo.

Kibe akasema haibridi kama yake. Tairi pana, usukani umenyooka. "Huyo ni msichana, msee. Wacha akae wima."

"Hiyo ni baiskeli ya mwalimu mstaafu," nikamjibu.

Tulibishana mpaka mwenyekiti, Mama Nanyama, akachoka. "Shindaneni Jumatatu, kutoka hapa hadi kliniki. Atakayetangulia, yake ndiyo tutanunua."

Basi Jumatatu ndiyo hiyo. Nikapiga pampu mpaka tairi ikawa ngumu tena. Nani ataniambia mimi habari za baiskeli yangu?

Nilimpita Kibe kabla hata hatujafika Kangemi. Niliinama, upepo masikioni, nikijua ushindi ni wangu...

Nikafika kwenye kivuko cha waenda kwa miguu. Ile rangi nyeupe, imelowa.

Gurudumu la mbele likaniponyoka. Nikaanguka kwenye lami, nikasikia breki za lori nyuma yangu.

Mkono ukanivuta kando.

"Uko sawa?" Ni Kibe. Ameitupa haibridi yake mtaroni.

"Endelea basi, ushinde."

"Nikuache hapa nimwambie nini mamako? Inuka, wewe."

Goti lilikuwa limechubuka na usukani umekwenda upande. Tukakokota baiskeli zote mbili hadi Upper Hill, tukitukanana njia nzima.

Mama Nanyama alikuwa langoni pa kliniki na Mwongeli.

"Nani ametangulia?"

"Tumefika pamoja," nikasema.

"Sasa nitaambia chama nini?"

Hapo ndipo Mwongeli akavua leso kichwani, akaikunja, akamkabidhi Mama Nanyama mkononi.

"Mama, nisamehe, lakini leo naongea. Hawa wawili wamegombana juu ya baiskeli yangu, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza napita wapi."

"Napita ile njia ya mawe nyuma ya nyumba. Nabeba sare na chakula. Jioni napitia soko la Kangemi, narudi na sukuma wiki na unga. Nataka haibridi."

Kibe akaanza kutabasamu.

"Usicheke, Kibe. Wewe uliisema kwa sababu mimi ni msichana. Mimi naisema kwa sababu ya mawe."

Tabasamu likafa.

Mama Nanyama akaiangalia ile leso. "Desturi inasema..."

"Desturi haiendeshi baiskeli, Mama," nikadakia. "Akifutwa kazi, desturi itamlipa?"

Mama Nanyama akaitupia ile leso begani. Halafu akasema, "Basi ni haibridi. Wenye kelele waje kwangu."

Sasa mtakaoniandikia kwamba nilishindwa, andikeni tu. Roadi yangu bado naipanda, na mvua ikinyesha napunguza hewa, mwenyewe. Lakini ukitaka kumnunulia mtu kitu cha kumbeba kila siku, muulize kwanza njia yake.

Pale langoni nilimshika dada yangu bega.

"Mwongeli, mtu yeyote atakayekuchagulia kitu tena, atapitia kwangu kwanza."

Akautoa mkono wangu. "Kwako?"

Kibe anasikiliza. Mama Nanyama anasikiliza.

"Kwako," nikasema kwa sauti. "Hata mimi nitapitia kwako. Nakuahidi."