Skrini ya Kushoto

Haya yalimpata rafiki wa dada yangu, fundi wa kompyuta. Mjane mmoja alimwita mchana kweupe. Picha za marehemu mumewe, kila akizifungua, zilitelezea kushoto na kupotea, na nakala nyingine hakuwa nayo.

Chumba hakikuwa na dirisha, na taa ilikuwa imeungua. Mjane alimmulikia fundi kwa simu, huku akimpepea kwa jalada la daftari.

"Mfumo wa kompyuta yako, Linux, unadhani una skrini mbili, mama. Picha zinakwenda kwenye ile ya pili."

"Ya pili niitoe wapi, mwanangu? Hii moja tu inanitoa jasho!"

Wakacheka. Fundi akapapasa nyuma ya kompyuta: waya ni mmoja, na tundu la pili limejaa vumbi. Akaandika amri ya kuizima skrini ya kushoto. Upande huo, ukutani, kukasikika mlio: kap.

Akaita orodha ya skrini. Ya pili ilikuwa bado imeunganishwa, na vipimo vyake vimeandikwa. Akavisoma kwa sauti. "Upana milimita mia sita. Urefu elfu moja mia tisa."

Simu ikamponyoka mjane, ikazimika.

"Ndivyo vipimo nilivyompa seremala," akanong'ona, "wa jeneza."

Fundi akaiachia mausi, akamshika mkono. Kushoto kukasikika tena: kap. Na picha ya kwanza ikaanza kurudi kutoka ukingoni, polepole, kama inayoburutwa.