Kidole Chenye Kitambaa Chekundu

Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, ibada ikishakwisha, Kelebogile alikuwa na kazi mbili nyumbani kwa bibi yake. Kwanza apange viti vya plastiki uani. Kisha akae kando ya Bibi Matshediso na daftari jeusi mapajani, maana macho ya Bibi yalikuwa yamechoka, na mwandiko wa Kele ulisifiwa mtaa mzima wa Dithabeng.

Lilikuwa daftari la chama cha kuzikana. Kila mwanachama alikuwa na mstari wake: jina, namba ya simu, na mahali atakapozikwa. Watu wengi wa Dithabeng, huko mashariki ya Johannesburg, walitoka mbali, na mtu akifariki chama kilipaswa kujua gari la maiti lielekee wapi. Wengine Qwaqwa, wengine Limpopo, wengine nje kabisa ya mpaka.

"Daftari hili linafunguliwa kikaoni na siku ya msiba," Bibi alizoea kusema. "Siku nyingine lilale kabatini."

Jumapili hiyo Kele alikuwa ameungua kidole cha shahada kwa mafuta ya maandazi. Jirani yao, MaChirwa, alikiona. MaChirwa ndiye aliyeshona sare za akina mama wa maombi ya Alhamisi, blauzi nyekundu na sketi nyeusi, na mkobani mwake hamkukosekana vipande vya nguo. Alichana kitambaa chekundu, akakifunga kile kidole.

"Haya, hata kidole chako sasa ni cha Alhamisi," alisema. "Kikianza kuhubiri, msikishangae."

Wanawake wakacheka. MaChirwa hakucheka. Aliinama karibu na daftari.

"Kele mwanangu, nibadilishie mstari wangu. Nimeandikwa Nkhotakota, kule Malawi. Lakini mume wangu amelala makaburi ya hapa mwaka wa tisa sasa, na mimi nimeishi hapa miaka ishirini na mmoja. Niandike Dithabeng, kando yake."

"Nitaandika jioni, mama. Kidole kinauma."

Jioni ilifika. Kele akakaa mbele ya televisheni mpaka usingizi ukamchukua.

Jumanne alasiri Bibi alikuwa kliniki. Mjomba Sello akaingia, mkononi ana mkate wa robo uliojazwa chipsi na soseji. Huyu alikuwa kitinda mimba wa Bibi. Kiwanda cha vigae kilikuwa kimemwachisha kazi, na tangu hapo alivaa fulana ya manjano ya kikundi kilichojiita Walinzi wa Dithabeng. Walisimama njia panda wakidai watu vitambulisho, ingawa hakuna aliyewapa kazi hiyo.

"Karani wangu!" aliita. "Kula kwanza. Halafu nione huo mwandiko wanaousifu."

"Bibi amekataza, mjomba."

"Amekataza wageni. Mimi mgeni? Nimezaliwa chumba hicho hapo!"

Kele akacheka, akaenda kabatini. Mjomba alipekua kurasa mbili tatu.

"Ala, mistari yote hii! Nioneshe wa nje ya mpaka tu. Tutawaandikia barua waende ofisi ya uhamiaji, basi."

Kele alisita. Moyo wake ulimwambia afunge daftari. Lakini chipsi zilikuwa za moto, na kuitwa karani kulikuwa kutamu kuliko chipsi. Akashusha kidole mstari kwa mstari. Zvishavane. Inhambane. Nkhotakota. Ilikuwa mistari saba, yote ukurasa mmoja, na kidole kilipofika wa mwisho Mjomba akapiga picha kwa simu yake.

Kesho yake, watoto wakitoka shule, filimbi zilisikika. Fulana za manjano zilijaa barabarani. Zilipita nyumba kumi bila kubisha hodi, zikasimama ya kumi na moja. Hazikubahatisha. Milango saba ilivunjwa mchana ule, watu wakitazama. Mzee Hove wa Zvishavane alivunjwa mkono. MaChirwa aliinua kibali chake cha kuishi nchini ili wakione.

"Kawashie moto hicho!" mtu mmoja alimfokea, akakichana.

Cherehani yake ilitoka imebebwa kichwani. Mphatso, binti yake aliyekaa dawati moja na Kele, alitoka na kiatu kimoja. Alimwona Kele ng'ambo ya barabara. "Kele! Mwite Bibi!" alipiga kelele.

Kele aliganda pale pale.

Kabla jua halijatua ile picha ilikuwa katika kila simu ya mtaa. Kele alifungua kitambaa chekundu, akakitia motoni kikaungua.

Alhamisi akina mama hawakuimba. Walikuja uani kwa Bibi wakiwa na sare zao, wakakataa kuketi.

"Daftari lilikuwa kwako, Matshediso," alisema Mama Ntswaki. "Na mwanao anavaa manjano. Unataka tufikirie nini?"

"Sijui lilivyotoka," Bibi alijibu. "Lakini ni kweli, lilikuwa kwangu."

Akavua kofia yake nyeupe ya sare, aliyoivaa Alhamisi zote tangu ujana wake, akaiweka juu ya kiti kitupu. Hakuna aliyemwambia airudishe. Kele alisimama mlangoni, mkono umezama mfukoni.

Jumamosi Bibi alimtuma apeleke sufuria ya uji kanisani, ambako zile familia saba zililala sakafuni. MaChirwa alipokea sufuria. Mphatso aligeukia ukuta.

"Kidole kimepona?" MaChirwa aliuliza.

Kele akaitikia kwa kichwa.

"Nimeiona ile picha. Pembeni kuna ncha ya kitambaa chekundu. Nilikichana mwenyewe, ningekosaje kukijua?"

Sufuria ilikuwa bado mikononi mwao wote wawili.

"Mbona hukusema, mama? Bibi amevua kofia yake!"

"Ningesema, wangekupiga wewe. Na mimi nimeshaona watu wakipigwa wiki hii, inatosha. Nilikuwa nasubiri useme mwenyewe. Leo siku ya tatu, Kele. Nimesubiri."

Kele alirudi nyumbani mbio na kumweleza Bibi kila kitu, tangu chipsi mpaka kidole. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua shali yake.

"Vaa viatu. Tunakwenda polisi."

"Bibi, watamkamata mjomba!"

"Nimemzaa mimi, unadhani sijui?" Alishika ukingo wa meza, akasema maneno mawili matatu na Mungu wake, akafungua mlango.

Sajini Nobuhle aliandika maelezo ya Kele polepole.

"Mjomba alisema hawana karatasi," Kele alinong'ona.

"Sita wanazo. Mmoja muda wake umekwisha, na ofisi ya uhamiaji ingeshughulika naye kwa utaratibu," alijibu Sajini. "Lakini hata huyo hakuna mwenye ruhusa ya kumvunjia mlango. Hata mimi nikitaka kupekua nyumba ya mtu, lazima sheria iniruhusu kwanza."

Mjomba Sello alikamatwa siku hiyo hiyo. Alipopandishwa garini aligeuza shingo. "Umeniuza, karani! Damu yako mwenyewe!"

Bibi hakuingia ndani mpaka gari lilipopotea.

Miezi minne baadaye hakimu aliwafunga watu watano, na Mjomba alikuwa mmoja wao. Cherehani ilipatikana kwa rafiki yake, imevunjika gurudumu. Akina mama walimletea Bibi kofia yake na kumwomba radhi. Aliipokea, lakini Alhamisi ile aliketi kiti cha nyuma.

MaChirwa alikuja kuaga akiwa na mifuko miwili. Kele alikimbilia kabatini.

"Mama, ngoja! Ule mstari wako, naubadilisha sasa hivi!"

"Acha," alisema MaChirwa. "Nkhotakota ndiko kwetu. Kaburi la mume wangu mlifyekee nyasi, mkiweza." Akamshika Bibi mikono kwa muda mrefu, akamfuata Mphatso aliyekuwa ameshafika barabarani. Mphatso hakuaga.

Kele alilia juu ya daftari. Bibi hakumbembeleza.

"Sikiliza, mjukuu wangu. Mjomba wako alipoteza kazi, akatafuta wa kumlaumu, akawaona wale ambao hawana ndugu wengi wa kuwatetea. Akajifanya polisi, akajifanya na hakimu. Mtaa ukikubali mtu mmoja awe sheria, leo atachagua mlango wa MaChirwa, kesho atachagua wangu. Ulisema kweli, nami namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini ulichelewa, na mtu wetu ameondoka. Siku nyingine moyo ukikuambia funga daftari, lifunge palepale."

"Ndiyo, Bibi."

"Haya. Chukua panga. Twende makaburini tukafyeke."